Kadi ya matibabu ni ya mke wangu, jino ni langu: naweza kuitumia?

Swali: Mimi ni mtu wa Mombasa, tunaishi Dallas, Texas. Mke wangu alitangulia kuja, mimi huu ni mwaka wangu wa pili. Yeye ana kadi ya mkopo wa matibabu iitwayo CareCredit, aliyoichukua alipokuwa akitibiwa macho, na deni la macho bado halijaisha. Daktari wa meno ameniambia gego langu linahitaji kutibiwa mzizi kisha livishwe kofia, na sehemu yangu baada ya bima ni kama dola 1,900. Mke wangu kaenda nyumbani kwa msiba wa babake, atakaa majuma kadhaa. Amenitumia picha ya kadi mbele na nyuma kwa WhatsApp, akasema "tumia tu, tutalipa pamoja." Dada wa mapokezi pale kliniki naye hana neno, mradi nina namba. Je, inafaa? Deni litakuwa la nani? Je, itanisaidia kujenga historia ya mikopo, maana hapa sina jina lolote? Na sisi ni Waislamu. Tuliambiwa kadi hii haina riba. Ni kweli?

Jibu: Kwanza poleni sana, wewe na shemeji, kwa kuondokewa na mzee. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Shemeji anaweza kulipia jino lako kwa kadi yake. Hilo halina ubishi: CareCredit, ambayo hutolewa na Synchrony Bank, humruhusu mwenye akaunti kulipia matibabu yake, ya mume au mke, ya watoto, hata ya mbwa na paka kwa madaktari wa mifugo wanaoipokea. Benki haina shida na nani aliyekaa kwenye kiti cha daktari. Shida yake ni moja tu: aliyesaini mkataba ni nani, na je, ndiye aliyesema "lipeni"?

Kwa hiyo "mke wangu kunilipia" ni jambo moja, na "mimi kutumia kadi ya mke wangu" ni jambo jingine, ingawa nyumbani kwetu tunayaona mamoja. Ndoa haikufanyi mwenye kadi. Huna jina kwenye akaunti ile, huna saini, na picha ya WhatsApp si idhini ambayo benki inaitambua. Kliniki inayopokea kadi hii inatakiwa kuhakikisha kuwa anayelipa ni mwenye kadi au ni mtu aliyeandikishwa kwenye akaunti. Dada wa mapokezi akikwambia "namba inatosha," anarahisisha kazi yake. Kliniki hulipwa na benki ndani ya siku mbili hivi za kazi, ikikatwa ada, na baada ya hapo habari za kudaiwa ni zenu nyinyi. Sisemi ana nia mbaya. Nasema tu kwamba haraka yake na maslahi yako si kitu kimoja.

Basi ufanyeje na shemeji yuko Mombasa? Kuna njia mbili safi, na zote hazihitaji yeye kupanda ndege.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ningeichagua mimi, ni yeye kulipa mwenyewe kutoka huko huko. Mwenye akaunti anaweza kuingia kwenye akaunti yake mtandaoni, akaitafuta kliniki, akaandika kiasi, akachagua muda wa kulipa, akathibitisha. Kliniki nyingi pia zinaweza kumtumia kiungo cha malipo chenye kiasi kilichokwisha andikwa. Hapo hakuna wa kuuliza kadi ilishikwa na nani, kwa sababu ameishika mwenyewe. Kikwazo kinachowakuta wengi ni simu: benki hutuma namba ya kuthibitisha kwenye laini ya Marekani, na laini hiyo imezimwa tangu alipotua uwanja wa ndege wa Moi. Awashe kwanza laini hiyo au ahakikishe barua pepe yake ndiyo inayopokea namba hizo. Akishindwa, apige simu benki mwenyewe. Usimpe dada yako apige akijifanya ndiye shemeji, nalisema hili kwa sababu watu hulifanya. Benki hurekodi simu hizo, na siku mkigombana na kliniki juu ya malipo, rekodi ile itawageukia.

Njia ya pili ni shemeji kukuandikisha kuwa mtumiaji aliyeidhinishwa wa akaunti yake. Hilo huombwa na mwenye akaunti, si na wewe. Ukishaandikishwa unaweza kwenda kliniki na kitambulisho chako ukalipa kwa jina lako, bila kuigiza. Ina faida yake na ina mzigo wake, nitaufikia.

Kwanza nikueleze kwa nini nakazania idhini, maana najua utasema: mke mwenyewe karidhia, tatizo liko wapi? Kati yenu wawili halipo. Tatizo linakuja mambo yakiharibika. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamlinda mwenye kadi: ikitumiwa bila idhini yake, hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Lakini sheria hiyo hiyo inaeleza maana ya kutumiwa bila idhini: mtumiaji awe hakuruhusiwa kwa kutamkwa wala kwa dalili, na mwenye kadi awe hakupata faida yoyote. Aliyemtumia mumewe picha ya kadi ameruhusu. Kwa hiyo kliniki ikikata dola 2,900 badala ya 1,900, shemeji hawezi kusema kadi iliibiwa, labda akubali kukuandika wewe kuwa ndiye mwizi. Nimeona ndoa zikifikishwa hapo na fomu moja ya benki, na sipendi ufike hapo. Picha ile ifute kwenye simu zote mbili leo.

Na usije ukashawishika kufungua akaunti mpya kwa jina lake, kwa kuwa unazijua namba zake za hifadhi ya jamii. Hata akiwa karidhia, maombi yale yanasema "mimi ninayesaini ndiye fulani." Huo ni uongo kwa benki, na kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yanatembea, si uongo mdogo.

Sasa deni. Kwa benki, deni ni la mwenye akaunti. Shemeji akilipa kutoka Mombasa, deni ni lake. Akikuandikisha kuwa mtumiaji, bado deni ni lake. Wewe unaruhusiwa kutumia lakini hukujifunga kulipa. Ni mwombaji mwenza tu, yaani mtu aliyesaini maombi pamoja na mwenzake, ndiye anayedaiwa sawa naye. Kwa hiyo maneno "tutalipa pamoja" ni ahadi yako kwake, haiko kwenye mkataba wa benki. Ukichelewesha wewe, jina linalochafuka ni lake.

Hapo ni benki. Sheria ya ndoa inaongeza yake. Texas ni mojawapo ya majimbo tisa yanayohesabu mali iliyochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili; mengine ni Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Washington na Wisconsin. Juu ya hayo, sheria ya familia ya Texas inamwajibisha kila mwenza kumtunza mwenzake, na asipofanya hivyo anaweza kudaiwa na yule aliyempatia mwenzake mahitaji ya lazima. Matibabu huingia humo kwa urahisi. Majimbo mengi yasiyo na utaratibu huo wa mali nayo yana kanuni inayofanana na hii kwa bili za hospitali, ingawa kila jimbo lina yake. Maana yake kwako: usijidanganye kwamba jina lako halipo basi umepona. Na kinyume chake pia. Mkiachana, Mungu apishe mbali, hakimu anaweza kuandika kwamba deni la jino ni lako, lakini benki haikuwa kwenye kesi ile. Itaendelea kumdai aliyesaini, naye ndiye atakayehangaika kukutafuta wewe.

Kuhusu kujenga jina, umeuliza vizuri. Malipo akiyafanya shemeji mwenyewe, historia yote inabaki yake, wewe hupati kitu. Akikuandikisha, mambo hubadilika: kanuni za sheria ya usawa katika mikopo, ile ya mwaka 1974, zinaitaka benki inayopeleka taarifa za akaunti kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo ionyeshe ushiriki wa mume na mke wote wawili pale ambapo mwenza anaruhusiwa kutumia akaunti. Ni kanuni iliyotungwa zamani ili wake wasibaki bila jina kwa kuwa kila kitu kiliandikwa kwa waume. Leo, kwa familia zetu ambazo mara nyingi mke ndiye aliyetangulia na ndiye muuguzi mwenye mshahara, inawafaa waume. Ila jina hujengwa na akaunti nzuri. Kadi ambayo deni lake limekaribia kikomo, au iliyowahi kucheleweshwa, itakuletea sura hiyo hiyo. Mwulize shemeji kikomo chake ni kiasi gani na deni la macho limebaki ngapi. Kama kikomo ni dola 3,000 na macho yamebakiza 1,000, jino lako litaijaza kadi karibu mpaka ukingoni, na alama za mikopo za shemeji zitashuka hata kama mnalipa kwa wakati.

Kama lengo lako kubwa ni jina, kadi ya dhamana ya benki ya kawaida, ile unayoweka dola 200 au 300 kwanza, ukaitumia kwa petroli na kuilipa yote kila mwezi, itakufanyia kazi hiyo vizuri zaidi bila kumhusisha mtu.

Na sasa riba, ambayo kwangu ndiyo moyo wa swali lako. Mliambiwa haina riba. Aliyewaambia aliruka neno moja: kama. Ofa za kawaida za CareCredit kwa malipo ya dola 200 kwenda juu ni za miezi 6, 12, 18 au 24, na maneno yake ni kwamba hutozwi riba kama deni lote litalipwa ndani ya muda huo. Riba haikuondolewa. Imeahirishwa tu. Inahesabiwa kimya kimya tangu siku ya malipo, na mkibakiza hata dola moja siku ya mwisho, inamwagwa yote kwenye akaunti, kuanzia siku ya kwanza.

Tuifanyie hesabu kwa jino lako. Dola 1,900 kwa miezi 12 ni dola 158.33 kwa mwezi. Tuseme mnaona 158 ni namba mbaya, mnalipa 150. Kila mwezi mmelipa pungufu kwa dola 8 na senti. Mwisho wa mwaka mmelipa 1,800, imebaki 100. Kwa riba ya asilimia 32.99, ambayo ndiyo iliyotangazwa kwa akaunti mpya miaka ya karibuni, riba iliyokuwa ikisubiri ni zaidi ya dola 350. Kwa hiyo mnadaiwa ile 100 na ile 350 na zaidi, na kuanzia hapo zote zinazaa. Akaunti ya zamani inaweza kuwa na kiwango kingine. Kiko kwenye taarifa ya mwezi ya shemeji, karibu na mwisho, kwa herufi ndogo.

Mtego mkubwa ni malipo ya chini. Taarifa ya kila mwezi huonyesha kiasi kidogo cha kulipa, na mtu akilipa hicho hapati barua ya kuchelewa wala simu. Anajiona mwema. Lakini malipo yale hayakupangwa yamalize deni ndani ya muda wa ofa. Chukua kiasi chote, gawanya kwa miezi pungufu kwa mmoja. Kwako: 1,900 gawanya kwa 11 ni dola 173 kwa mwezi. Mwezi wa kumi na mbili mnauacha kwa ajili ya gari kuharibika, maana litaharibika.

Si mimi peke yangu ninayelalamikia maneno haya ya "haina riba." Desemba 2013 ofisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliiamuru benki iliyokuwa ikiendesha CareCredit wakati huo, GE Capital Retail Bank, ambayo baadaye ndiyo ikaitwa Synchrony, irudishe hadi dola milioni 34.1 kwa wateja zaidi ya milioni moja, kwa sababu wengi walijiandikisha kwenye ofisi za madaktari wakiamini ni mkopo usio na riba. Mei 2023 ofisi hiyo hiyo ilitoa ripoti juu ya kadi na mikopo ya matibabu: kati ya 2018 na 2020 watu walilipia kwa njia hii matibabu ya karibu dola bilioni 23, na riba ya kuahirishwa waliyotozwa ilifika dola bilioni moja. California imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2020 daktari haruhusiwi kumwunganisha mgonjwa na mkopo wenye riba ya kuahirishwa. New York, tangu Oktoba 2024, wafanyakazi wa kliniki hawaruhusiwi hata kukujazia sehemu ya fomu. Texas nyinyi mko peke yenu na kalamu yenu.

Kwa upande wa dini sitajitia ushehe. Nakueleza mkataba ulivyo ili umpelekee anayejua: riba imeandikwa ndani yake tangu siku ya kwanza, na inaepukwa kwa kulipa mapema. Kuna ofa nyingine za kadi hiyo, za miezi 24 mpaka 60 kwa bili kubwa, ambazo riba yake ni ya chini zaidi lakini inatozwa waziwazi kila mwezi. Hizo hata hazijifichi.

Kwako kuna jambo la ziada ambalo halimpati mtu mwenye kadi tupu: deni la macho. Kila malipo kwenye kadi hii yana saa yake. Macho yana siku yake ya mwisho, jino litakuwa na yake, na pesa unayotuma inaingia kwenye akaunti moja. Unadhani unapunguza jino, kumbe benki inapeleka kwingine. Sheria inasema kinachozidi malipo ya chini kiende kwanza kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Na katika mizunguko miwili ya mwisho ya taarifa za mwezi kabla ofa haijaisha, ziada hiyo iende kwanza kwenye deni la ofa inayoisha. Kwa hiyo kama shemeji ana deni la kawaida linalozaa riba kwenye kadi hiyo, ziada yako itaanza kumeza hilo, huku saa ya jino ikienda. Kabla ya kuongeza jino, apige simu aulize mambo mawili: ofa ya macho inaisha tarehe gani, na anaweza kuelekeza malipo kwenye ofa anayoitaka? Kama ofa ya macho inaisha miezi miwili ijayo na bado mmebakiza mamia, malizeni macho kwanza. Jino litalipwa kwa njia nyingine.

Na njia nyingine zipo, tena ningezijaribu kabla ya kadi.

Kazini kwa shemeji, je, ana akaunti ya akiba ya afya, ile HSA inayokwenda na bima ambayo mtu hulipa kwanza kiasi kikubwa mwenyewe kabla haijaanza kulipa? Hapa ndipo akaunti ya mwenza inakuwa baraka. Fedha za HSA ya mke zinaweza kulipia matibabu ya mume bila kodi, hata kama mume hayupo kwenye bima ya mke. Meno yamo. Ile nyingine inayoitwa FSA, akaunti ya kazini ya kuwekea fedha za matibabu, nayo inalipia mwenza, ila ina tarehe ya mwisho ya kutumia, na watu wengi hupoteza fedha zao Desemba huku wakikopa kwa ajili ya jino hilo hilo. Tofauti na kadi ni kwamba hizi ni fedha zenu mlizokwisha weka. Ila risiti ya kliniki iwekeni, kwa sababu fedha za HSA zikitumika kwa kisicho matibabu hutozwa kodi na adhabu ya asilimia 20. Na riba ya kadi si matibabu, isilipwe kutoka humo.

Halafu iulize kliniki yenyewe kama ina mpango wake wa kulipa kidogo kidogo bila benki. Wengi hawautangazi, wanao. Dola 1,900 kwa mafungu, kwa kuwa matibabu yenyewe ni ya mafungu: mzizi unatibiwa kwanza, kofia huja baadaye ikishatengenezwa maabara. Hakuna sababu ya kulipia kofia siku ya mzizi. Wakikataa mpango na mkaamua kadi, shikilieni hilo hilo: ilipwe kwa kila hatua inapofanyika. Ukilipa yote siku ya kwanza, saa ya riba inaanza kwa kofia ambayo bado haipo mdomoni mwako, na bima ikilipa tofauti na makisio mtahangaika kurudishiwa.

Dallas hapo hapo kuna chuo cha udaktari wa meno cha Texas A&M, ambako wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu kwa bei ya chini. Huchukua muda mrefu zaidi kitini, na huenda usipate nafasi wiki hii. Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu hupunguza bei kulingana na kipato. Aliye chini ya mstari wa umaskini hulipa kidogo sana au halipi, na punguzo huendelea hadi mara mbili ya mstari huo. Vingi vina meno. Na ingekuwa bili yako ni ya hospitali badala ya daktari wa meno, ningekukataza kabisa kugusa kadi kabla ya kuomba msamaha wa bili. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na sera ya msaada, una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba, na pale ambapo jamii ya wasemaji wa lugha fulani imefika watu 1,000 au asilimia 5 ya wanaohudumiwa, sera hiyo inatakiwa itafsiriwe kwa lugha yao. Kuna miji Marekani ambako maana yake ni Kiswahili. Ukishalipa kwa kadi, hospitali imekwisha pata yake, na deni lako si la hospitali tena, ni la benki. Hata mashirika ya kumbukumbu za mikopo, ambayo tangu 2023 hayaweki madeni ya matibabu yaliyo chini ya dola 500, hayana huruma hiyo kwa deni la kadi.

Mwisho, ikitokea kliniki imetoza kiasi kisicho sahihi au imetoza kofia ambayo haikuwekwa, anayelalamika benki ni shemeji, si wewe, hata kama jino ni lako. Ni lazima aandike barua ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa hilo itumwe; benki inapaswa kumjibu kwamba imeipata ndani ya siku 30 na kulimaliza suala ndani ya mizunguko miwili, isizidi siku 90. Kwa hiyo weka makisio ya kliniki kwa maandishi, yenye jina la kila kazi na bei yake, na umtumie nakala. Taarifa za akaunti zikiwa zinakwenda kwenye barua pepe ambayo shemeji haifungui akiwa msibani, siku 60 zitapita bila mtu kuona.

Ningekuwa wewe, leo jioni, Mombasa ikiwa ni alfajiri na shemeji ameamka kuswali, ningempigia na kumwomba mambo matatu: tarehe ya mwisho ya ofa ya macho, kikomo kilichobaki, na kama kazini ana HSA. Majibu hayo yakija kabla ya miadi yako, utajua kama jino lilipwe kwa akiba, kwa mpango wa kliniki, au na yeye mwenyewe kutoka huko kwa kadi yake, mzizi peke yake kwanza. Na kama maumivu hayangoji, mwambie daktari afungue mzizi na kutuliza jino. Hiyo ni sehemu ndogo ya bili, mara nyingi inalipika bila kadi, na kofia itaweza kusubiri wiki chache, kwa muda atakaokwambia daktari, mpaka shemeji arudi.